Kivuli Kinaangukia Wapi?

Tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha mwezi kiligusa Amerika Kusini asubuhi, kikavuka Bahari ya Atlantiki, kikapita juu ya kisiwa cha Principe na kuingia Kongo. Jioni kilivuka Ziwa Tanganyika. Jua likikaribia kuzama, kikapita pembe ya kusini magharibi ya nchi yetu na kuelekea Msumbiji.

Wanafizikia wa dunia nzima wanaijua tarehe hiyo. Kule Principe alikuwepo Arthur Eddington na darubini yake, na kule Sobral, Brazili, walikuwepo wenzake Crommelin na Davidson. Jua lilipofunikwa walipiga picha za nyota zilizoonekana kando yake. Albert Einstein alikuwa amesema kwamba kitu kizito hupindisha njia ya mwanga, kwa hiyo nyota zilizo kando ya jua zingeonekana zimesogea kidogo kutoka mahali pake. Tarehe 6 Novemba mwaka uleule, mjini London, ilitangazwa kwamba zilikuwa zimesogea. Kuanzia siku hiyo ilijulikana kwamba hata mwanga, ambao tunaupigia mfano wa unyoofu, hukunja njia ukipita karibu na kitu kizito.

Vitabu ninavyofundishia vinaishia Principe na Sobral. Havisemi kwamba kivuli kiliendelea na safari hadi kwetu. Wala havisemi kilipita juu ya watu gani. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye vita vya Wajerumani na Waingereza, vita vilivyokula wapagazi kuliko vilivyokula askari. Tena utumwa ulikuwa bado haujafutwa kisheria Tanganyika. Ulifutwa mwaka 1922. Siku mwanga ulipothibitika kwamba hupinda, chini ya kivuli kilekile walikuwepo watu ambao kwa sheria walikuwa bado mali ya watu wengine.

Ninafundisha fizikia Ziba, wilaya ya Igunga, kaskazini mashariki ya Tabora mjini. Huku ni nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe, na wanafunzi wangu wengi ni Wanyamwezi na Wasukuma. Ziba iko karibu nyuzi nne kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linasimama juu ya utosi na kivuli cha mtu kinajificha chini ya miguu yake. Siku hizo huwatoa wanafunzi nje na vijiti. Hawahitaji maabara ili kuona kwamba kivuli ni kipimo.

Septemba 1, 2016 walipata kubwa zaidi. Siku hiyo jua lilipatwa kipete. Kule Rujewa, mkoani Mbeya, watu walikusanyika kutazama mwezi ukikaa katikati ya jua na kuacha pete ya moto pembeni. Sisi huku tuliliona likipatwa kwa sehemu tu, lakini chini ya miembe kulikuwa na maajabu. Kila tundu dogo kati ya majani lilichora jua ardhini, na kwa kuwa jua lilikuwa limemegwa, ardhi ilijaa hilali ndogo ndogo, mamia kwa mamia, zikicheza kila upepo ulipotikisa matawi.

Miembe yenyewe ina historia. Huku Unyamwezi mistari ya miembe ni alama ya njia ya zamani, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora kwenda Ujiji. Richard Burton na John Speke waliipita mwaka 1857. Kutoka pwani hadi Kaze, jirani na Tabora ya leo, walitembea siku 134. Wasafiri kama hao walipima nchi kwa mwanga. Walipima urefu wa jua la adhuhuri na mwendo wa mwezi kati ya nyota, na kwa namba hizo wakajua wako wapi duniani. Jina la wenyeji wa huku nalo, kama wengi wanavyolieleza, lilitoka kwa watu wa pwani, waliowaita hivyo kwa kuwa walitoka magharibi, upande ambao mwezi mwandamo huonekana.

Mwaka 1873 njia hiyo ilipitisha mzigo wa pekee. David Livingstone alikuwa amekufa kusini ya Ziwa Bangweulu, na watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili wake pamoja na vitabu vyake na vyombo vyake vya kupimia jua na nyota. Walipofika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, walimkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron akielekea Ujiji. Cameron akachukua sehemu kubwa ya vyombo vile ili avitumie kwenye safari yake. Waliovibeba miezi yote ile waliendelea na mwili hadi Bagamoyo. Namba zilizopimwa kwa vyombo hivyo zilichorwa ramani Uingereza.

Sisimulii haya kwa uchungu wa bure. Nasimulia kwa sababu utaratibu huu, kwamba chombo kinapita kwetu na hesabu inafanyika kwingine, ulijirudia karibu miaka mia moja baadaye, na safari hiyo chombo kilibeba neno letu.

Neno lenyewe ni uhuru. Kwenye njia ya misafara halikuwa neno la bendera. Huru alikuwa mtu asiye mtumwa. Waliokuwa huru kwenye misafara walijiita waungwana, na tofauti kati ya mwungwana na mtumwa ilikuwa tofauti ya nani anaweza kugeuka na kurudi nyumbani. Neno hilo liliingia bara pamoja na nguo, shanga na Kiswahili chenyewe. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake Tabora, ule unaokumbukwa kwa Uamuzi wa Busara, na uhuru ukawa neno la nchi nzima. Tanganyika ikajitawala Desemba 9, 1961. Kenya ikafuata Desemba 12, 1963.

Mwaka huohuo wa 1963, Roy Kerr, mwanahisabati kutoka New Zealand aliyekuwa akifanya kazi Texas, alipata jibu la hesabu ambalo wengine walikuwa wamelitafuta tangu siku za Einstein. Hesabu ya shimo jeusi lililotulia ilikuwepo tangu 1916. Lakini hakuna kitu angani kilichotulia. Dunia inajizungusha, jua linajizungusha, na nyota ikijikunja hadi kuwa shimo jeusi lazima izunguke kwa kasi zaidi, kama mtoto anayezunguka huku akikunja mikono. Kerr alieleza nafasi inakuwaje kando ya kitu cha namna hiyo. Alionyesha kwamba shimo linalojizungusha haliuvuti mwanga tu. Linaikokota nafasi yenyewe iliyo kando yake.

Darasani natumia mfano wa uji. Ukizungusha mwiko katikati ya sufuria, uji ulio karibu na mwiko unakwenda nao kwa kasi, wa pembeni unakwenda polepole. Sasa tupa punje mbili za mchele, moja ifuate mzunguko na nyingine iende kinyume. Hazitakuwa na safari moja. Kando ya shimo jeusi hali inafanana na hiyo. Mwanga unaopita kwa kufuata mzunguko unaweza kusogea karibu sana na shimo na bado ukaponyoka. Mwanga unaokwenda kinyume hunaswa ungali mbali.

Hiyo ilikuwa hesabu ya karatasi. Mwaka 1963 hakuna aliyeweza kunyoosha kidole angani na kusema shimo jeusi ni lile pale. Shimo lisilotoa mwanga utaliona kwa kitu gani? Jibu lilikuwa kutafuta kinachoungua kabla ya kuingia. Gesi ikivutwa kuelekea shimo hujibana na kusuguana, ikawa ya moto hadi inatoa eksirei, miali ileile inayotumika hospitali kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Tatizo ni kwamba hewa ya dunia huizuia miali hiyo. Anayeitafuta lazima apande juu ya hewa.

Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama kwa miguu ya chuma baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, kazi ya profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, na roketi na setilaiti vilitoka Marekani. Palichaguliwa kwa sababu ya ikweta. Kwanza, dunia inayojizungusha humsukuma anayeruka kuelekea mashariki, na msukumo huo ni mkubwa zaidi kwenye ikweta. Pili, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zinazovuruga vipimo. Hivyo chombo cha kutafuta vitu vinavyojizungusha kiliazima nguvu ya mzunguko wa dunia ili kufika juu.

Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo, aliipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya siku na ya wenyeji. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei peke yake. Na ghuba iliyorushiwa inaitwa Ungwana. Sijui kama kuna aliyeyatazama majina hayo mawili pamoja siku ile. Mtu wa njia ya misafara angeyaelewa mara moja.

Uhuru ilijizungusha taratibu na kufagia anga kipande kwa kipande. Namba zake zilisomwa Marekani na kikundi cha Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobel. Moja ya vitu walivyovifuatilia ni Cygnus X-1, kilichokuwa kimegunduliwa kwa roketi ndogo mwaka 1964. Uhuru ilionyesha kwamba eksirei zake zinapepesa kwa haraka, zinapanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde moja.

Hapo ndipo wanafunzi wangu huanza kukaa wima, kwa sababu hesabu yake wanaiweza. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu hakiwezi kupepesa chote kwa pamoja haraka kuliko mwanga unavyoweza kukivuka. Kikipepesa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, basi kinachotoa miali hiyo hakizidi kilomita 30,000 kwa upana. Jua letu lina upana wa kilomita zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo tunazungumzia kitu kidogo sana kuliko jua. Kisha mwaka 1971 na 1972 Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, walitazama nyota kubwa ya buluu iliyo mahali palepale wakaona inayumba, ikizunguka na mwenzake asiyeonekana kila baada ya siku tano na nusu hivi. Mwenzake huyo alikuwa mzito mno kwa ukubwa huo. Cygnus X-1 ikawa kitu cha kwanza angani ambacho wanasayansi walikubali, polepole na kwa ubishi mwingi, kwamba ni shimo jeusi.

Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinalipa shimo hilo uzito wa majua 21 hivi, na umbali wa miaka ya nuru zipatazo 7,200. Tena linajizungusha karibu na kasi ya juu kabisa ambayo hesabu ya Kerr inaruhusu. Kama shimo la uzito huo lingekuwa limetulia, mwanga ungeweza kulizunguka kwa umbali wa kilomita 93 kutoka katikati. Likijizungusha kwa kasi ya mwisho, mwanga unaofuata mzunguko unasogea hadi kilomita 31, na unaokwenda kinyume unasukumwa hadi 124. Ukilitazama kwa ubavuni, doa jeusi utakaloliona haliwi mviringo. Upande mmoja umebanwa kama umekatwa kwa kisu, upande wa pili umevimba, na doa zima limesogea pembeni. James Bardeen alilichora umbo hilo kwa hesabu, kazi iliyochapishwa mwaka 1973, mwaka uleule ambao setilaiti Uhuru iliacha kufanya kazi.

Kutoka jukwaa lilelile la Ngomeni ziliruka roketi tisa za kupeleka setilaiti kati ya 1967 na 1988. Mojawapo, Oktoba 1974, ilibeba setilaiti ya Uingereza iliyoitwa Ariel 5. Mwaka uliofuata iliona mlipuko wa eksirei kutoka kitu kilichopewa jina A0620-00, na baadaye ikajulikana kwamba hilo nalo ni shimo jeusi, mojawapo ya yaliyo karibu nasi zaidi. Vipimo vinaonyesha kwamba lenyewe linajizungusha taratibu. Kivuli chake, kama tungeweza kukiona, kingekaribia mviringo kamili. Basi bahari ya Waswahili ilirusha macho yaliyoona mashimo mawili, la mbio na la pole.

Vivuli vyao hatutaviona karibuni. Cha Cygnus X-1 kina upana wa kilomita 300 hivi, pungufu kidogo ya safari ya basi kutoka Tabora hadi Mwanza, na kiko mbali mno. Kivuli cha kwanza kuonekana kilitangazwa Aprili 10, 2019, cha shimo lenye uzito wa majua bilioni 6.5 katikati ya galaksi ya M87, miaka ya nuru milioni 55 kutoka hapa. Kukiona ilikuwa sawa na kuona chungwa lililowekwa juu ya mwezi. Darubini za redio zilizounganishwa kwa kazi hiyo zilikuwa Amerika, Ulaya, Hawaii na Antaktika. Afrika haikuwa na hata moja, ingawa sasa upo mpango wa kujenga nyingine Namibia.

Niliibandika picha hiyo ukutani darasani: pete ya rangi ya moto, inang'aa zaidi upande wa chini kwa sababu huko gesi inakuja kuelekea kwetu, na katikati giza. Binti mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono. Akauliza kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza asingeuliza: "Mwalimu, hicho kivuli kinaangukia wapi?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Kivuli cha mti huanguka ardhini. Kivuli cha mwezi kilianguka Rujewa, na mwaka 1919 kilianguka kwenye Ziwa Tanganyika. Kiswahili kimetenganisha hata uvuli, mahali pa kupumzika jua likiwaka, na kivuli, umbo linalokufuata. Sasa kivuli cha shimo jeusi hakiangukii popote. Si umbo lililotupwa juu ya kitu. Ni pengo la mwanga ambao ungetufikia na haukufika, kwa sababu kila mwali uliopaswa kutoka upande ule uliishia ndani. Tulibishana nusu saa kama hilo lina haki ya kuitwa kivuli. Darasa likagawanyika. Yule binti mwishoni alisimama ubaoni, akachora shimo, akachora mishale ya mzunguko, akaeleza kwa nini upande mmoja wa doa unabanwa na mwingine unavimba. Alitumia mfano wa uji na akaongeza wake, wa ng'ombe wawili wanaovuka mto uliojaa, mmoja akifuata mkondo na mwenzake akipingana nao.

Wiki iliyofuata nilitoa jaribio kwa Kiingereza, lugha ya mitihani ya sekondari. Kwenye swali la mwanga aliandika mistari minne, na wa nne haukuisha. Alama alizopata zilimstahili aliyeandika mistari ile. Aliyesimama ubaoni hakuonekana kwenye karatasi.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mashimo meusi. Wapagazi walibeba vyombo vya kupimia nyota bila kuulizwa nyota zilisema nini. Ngomeni roketi iliruka na neno la Kiswahili, na namba zikasomwa ng'ambo. Na leo mtoto wa Ziba anaweza kuelewa jambo ambalo Eddington angependa kulisikia, kisha akahesabiwa kuwa hajui, kwa kuwa maarifa yake yako kwenye lugha isiyotoka kwenye mtihani. Siwezi kubadilisha mtihani. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba ndani ya chumba changu jambo linaeleweka kwanza, kwa lugha yoyote inayolifikisha, ndipo tunalitafutia Kiingereza chake.

Kwa ajili hiyo nilichapisha ukurasa mmoja kutoka kwenye makala ya wanaastronomia, nikawagawia. Kiingereza chake kilikuwa kigumu hata kwangu. Nikawaambia watafute neno moja tu la Kiswahili humo ndani. Walitafuta kwa muda mrefu. Orodha ya nne na ya mwisho ya vitu vilivyoonwa na setilaiti ile ilitolewa mwaka 1978 ikiwa na vitu 339, na hadi leo Mjapani, Mwitaliano au Mhindi akiandika habari za kimojawapo huanza jina lake kwa tarakimu na herufi, 4U, kisha mahali kilipo angani. Nne ni orodha ya nne.

"U ni nini?" nikauliza.

Yule binti ndiye aliyejibu, bila kuinua mkono.